Sahihi ya kidijitali haihamishwi kama meza ya ofisi

Tarakilishi ya ofisi haistaafu kwa sherehe. Huanza kwa kuchelewa kuwaka asubuhi, feni yake ikanguruma, halafu siku moja ikagoma kabisa na nyingine ikaletwa ikiwa bado ndani ya sanduku lake. Katika ofisi za mawakala wa meli, wauzaji wa samaki na wapeleka shehena zilizoko Liwatoni na kandokando ya Kilindini, shughuli inayofuata inafahamika. Anaitwa kijana mwenye ujuzi wa mitambo, naye anahamisha barua, hesabu, picha na orodha za shehena. Mwishoni anauliza swali moja: na hiki cheti cha sahihi ya mkubwa, nacho kihamishwe?

Jibu la haraka ni ndiyo. Faili linanakiliwa kwenye flashi, linawekwa katika mashine mpya, nywila inanong'onwa au inaandikwa kwenye kipande cha karatasi, na kazi inaendelea kama jana. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini kwa mujibu wa sheria ya Kenya, na kwa mujibu wa hesabu zinazoifanya sahihi ya aina hiyo iaminike, katika dakika hizo chache jambo kubwa limetendeka. Mkono wa mtu mmoja umekuwa mikono miwili au mitatu, na hakuna atakayeweza kuieleza mahakama ni upi uliotia sahihi.

Swali hilo lingeweza kuachiwa mafundi endapo hati zinazohusika zingekuwa ndogo. Si ndogo. Na Liwatoni ni mahali pazuri pa kulitazamia.

Wakenya wengi wa bara walilisikia jina la Liwatoni mwanzoni mwa mwaka 2021, daraja la kuelea la waendao kwa miguu lilipofunguliwa kutoka hapo hadi ng'ambo ya Likoni ili kupunguza msongamano wa feri wakati wa janga la corona. Wavuvi na mabaharia walikuwa wamelijua zamani kwa sababu ya kituo chake cha uvuvi. Ni hapo ndipo Rais Uhuru Kenyatta alipozindua Huduma ya Walinzi wa Pwani, tarehe 19 Novemba 2018, na miongoni mwa mambo ambayo kikosi hicho kilipewa jukumu la kuyakomesha ni uvuvi haramu katika maji ya Kenya.

Doria, hata hivyo, huishia baharini. Jodari akishafika gatini, ulinzi wake unakuwa wa karatasi. Tangu tarehe 1 Januari 2010, sheria ya Umoja wa Ulaya inataka samaki wa baharini wanaoingia katika soko lake wawe na cheti cha uvuvi kilichothibitishwa na mamlaka ya nchi ambayo bendera yake inapepea kwenye chombo kilichowavua. Cheti hicho hutaja jina la chombo na nambari yake ya usajili, leseni, aina ya samaki, eneo na siku walizovuliwa, uzito wao, na kama walihamishwa kutoka chombo kimoja hadi kingine wakiwa bado baharini. Chini kabisa huwekwa sahihi na muhuri wa afisa. Bila ya hayo mawili, yote yaliyoandikwa juu yake ni maneno tu.

Sheria nyingine ya Umoja huo, ya mwaka 2023, iliweka tarehe 10 Januari 2026 kuwa siku ambayo waagizaji wa samaki wa Ulaya wangeanza kulazimika kupitisha hati hizo katika mfumo wa mtandao uitwao CATCH. Nchi zinazouza hazikulazimishwa kuingia humo. Zingeweza kuendelea kutoa hati ya karatasi, naye mwagizaji akaiingiza mwenyewe. Huo ni mlango uliobakishwa wazi kwa hisani. Mnunuzi ambaye hesabu zake zote zimo mtandaoni hatapenda daima kubeba kazi ya kunakili karatasi za mwenziwe, na muuzaji ambaye hati yake inathibitishwa papo hapo kwa sahihi ya kidijitali atamtangulia yule anayesubiri bahasha.

Aidha, eneo hili lina mfano wa karibu wa nchi iliyopoteza soko kwa kuacha idhini yake itumike na wengine. Mnamo Oktoba 2015 Tume ya Ulaya iliionya Komoro kuhusu uvuvi haramu, na mwaka 2017 ikaiorodhesha miongoni mwa nchi zisizoshirikiana katika kuuzuia, hatua inayofunga mlango wa samaki wake kuingia Ulaya. Moja ya sababu zilizotolewa ni kwamba usajili wa vyombo vya uvuvi vinavyopeperusha bendera ya visiwa hivyo ulikuwa umekabidhiwa kampuni ya kibinafsi iliyo nje ya nchi, bila ya udhibiti wa maafisa wa uvuvi wa Komoro wenyewe. Hapakuwa na tarakilishi iliyovamiwa wala nywila iliyoibwa. Jina la serikali lilikuwa likitumika mahali ambapo serikali haikuwapo. Anayenakili ufunguo wa sahihi ya afisa au wa mkurugenzi na kuuacha katika mashine tatu anafanya jambo la namna hiyo kwa kipimo kidogo.

Watu wa Mji wa Kale hawahitaji kufundishwa maana ya sahihi. Wafanyabiashara wa pwani hii walipeana hundi zilizovuka Bahari ya Hindi, zikalipwa Bombay au Muscat kwa sababu aliyezipokea aliutambua mwandiko wa aliyezituma. Muhuri wa tajiri ulifungiwa sandukuni, na ufunguo wa sanduku ukakaa kiunoni. Ajabu ni kwamba warithi wa uangalifu huo, walio na digrii na tarakilishi zenye nguvu, huacha nywila ya sahihi yao imebandikwa kwenye pembe ya kiwambo.

Pengine chanzo cha uzembe huo ni jina lenyewe. Neno "cheti" linampa mtu picha ya karatasi iliyotiwa fremu, kitu cha kubebwa kwa mkono kutoka ukuta huu hadi ule. Cheti cha kidijitali si hivyo. Msingi wake ni funguo mbili zinazozaliwa pamoja kwa hesabu, fikra iliyotangazwa na wataalamu wa Marekani Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976, na mwaka uliofuata ikapewa njia ya kutendeka kwa upande wa sahihi na Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman. Ufunguo mmoja ni wa siri, haupaswi kumtoka mwenyewe. Wa pili ni wa umma, apewe yeyote. Tarakilishi hupima waraka wote na kuutolea muhtasari mfupi wa tarakimu, kisha ufunguo wa siri ukaufanyia kazi muhtasari huo. Matokeo yake ndiyo sahihi. Mwenye ufunguo wa umma anaweza kuthibitisha kwamba waraka haujabadilishwa hata nukta moja na kwamba ni ufunguo ule wa siri, si mwingine, uliotumika.

Hapo kuna jambo la kuzingatiwa. Hesabu hizo huthibitisha ufunguo. Hazimthibitishi mtu. Kumfunga mtu na ufunguo ndiyo kazi ya cheti: ni tamko la mtoaji anayeaminiwa kwamba ufunguo huu wa umma ni wa fulani, kuanzia tarehe hii hadi tarehe ile. Cheti chenyewe si siri hata kidogo. Hutumwa pamoja na kila waraka uliotiwa sahihi. Kwa hiyo kijana wa mitambo anapouliza kama ahamishe cheti, anachouliza hasa, ajue asijue, ni kama aruhusiwe kuutoa ufunguo wa siri mahali ulipozaliwa.

Namna cheti kinavyowekwa kwa mara ya kwanza inaonyesha kwa nini swali hilo ni zito. Katika utaratibu mwema, funguo mbili huzaliwa ndani ya mashine au kifaa cha mwombaji mwenyewe. Kinachopelekwa kwa mtoaji vyeti ni ombi lenye jina na ufunguo wa umma peke yake. Mtoaji humtambua mwombaji kwa kitambulisho na hati za kampuni, hutia sahihi yake juu ya ombi, na kurudisha cheti, ambacho kinapowekwa katika mashine ile ile hukutana na ufunguo wa siri uliokuwa ukikisubiri. Ufunguo haujasafiri popote. Mambo huharibika pale mwombaji mwenye haraka anapomwachia fundi afanye kila kitu katika tarakilishi ya fundi, kisha amletee kazi iliyokamilika. Huyo amepewa mtoto aliyezaliwa katika nyumba ya jirani, na hajui kama jirani hakubaki na pacha wake.

Uhamishaji nao una mitego inayowasumbua watu kila siku. Faili lenye cheti peke yake, ambalo jina lake aghalabu huishia kwa herufi cer au crt, linahamishika bila ya hatari yoyote na pia bila ya faida: mashine mpya italipokea vizuri, lakini ofisi itakapojaribu kutia sahihi itaambiwa hakuna ufunguo. Wengi hukwama hapo na kudhani cheti kimeharibika. Faili linalobeba cheti pamoja na ufunguo wa siri ni la aina nyingine, linaloishia kwa pfx au p12, nalo hufungwa kwa nywila. Programu ya Windows inapolitoa humwuliza mtumiaji kama anataka ufunguo wa siri uandamane na cheti. Ikiwa nafasi ya kukubali imefifia na haibonyezeki, maana yake ni kwamba ufunguo uliwekwa tangu mwanzo kwa sharti la kutotolewa. Wapo wanaotafuta programu za kulivunja sharti hilo, na wapo mafundi wanaojisifu kuziweza. Mwenye ofisi anayelipia huduma hiyo analipa ili mlango wake uvunjwe.

Hata uhamishaji ukifanikiwa, kazi haijaisha. Programu nyingine za mtandao na baruapepe, kama Firefox na Thunderbird, zina ghala lao la vyeti, hivyo cheti kilichowekwa katika ghala la Windows huenda kisionekane humo. Vyeti vya mtoaji, vile vya kati vinavyounganisha cheti cha mtumiaji na mzizi wa uaminifu, navyo vinapaswa kuwapo. Vikikosekana, mpokeaji huonyeshwa onyo kwamba sahihi haitambuliki, ingawa ni halali. Na kuna kisa kinachochekesha hadi pale kinapochelewesha shehena. Betri ndogo inayoitunza saa ya tarakilishi kuukuu ikifa, mashine huamka ikidhani iko miaka mingi nyuma, na cheti kilichotolewa juzi huonekana bado hakijaanza kufanya kazi. Fundi hubadilisha nyaya na kupiga simu Nairobi, kumbe tarehe tu ndiyo iliyopotea.

Faili lile la p12 ndilo la kuogopwa zaidi. Lilinakiliwa kwenye flashi, flashi ikachomekwa katika mashine mbili, pengine likatumwa pia kwa baruapepe "kwa tahadhari". Kulifuta kwenye flashi hakuliondoi. Programu za kurejesha mafaili huliokota. Nywila yake, ikiwa ni jina la kampuni na mwaka, haitamchosha mwenye nia mbaya. Na tofauti na muhuri wa mpira, ambao ukiibwa droo hubaki tupu na mwenyewe akashtuka asubuhi, ufunguo ulionakiliwa hauachi pengo. Wa kwanza bado upo mahali pake, unafanya kazi, na hakuna dalili kwamba wa pili uko njiani kuelekea Changamwe au Guangzhou.

Sheria ya Kenya ililiona jambo hili mapema. Marekebisho ya Sheria ya Mawasiliano yaliyoanza kutumika Januari 2009 yaliitambua sahihi ya kielektroniki, na yakaitofautisha ile ya daraja la juu kwa masharti manne: ifungamane na mwenyewe pekee, iweze kumtambulisha, itengenezwe kwa njia anayoweza kuidhibiti yeye peke yake, na iungane na waraka kiasi kwamba badiliko lolote la baadaye ligundulike. Wakati huo huo Sheria ya Ushahidi ilirekebishwa ili sahihi hizo zithibitike mahakamani. Wosia, hati za malipo na hati za umiliki ziliachwa nje. Miaka kumi na moja baadaye, Machi 2020, sheria ya marekebisho ya sheria za biashara iliusogeza mpaka huo kwa kuziruhusu sahihi za kielektroniki za daraja la juu katika mikataba na katika hati za ardhi. Mfumo wa ardhi wa Ardhisasa ukazinduliwa Aprili 2021. Leseni za watoaji vyeti husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano.

Katika masharti hayo manne, la tatu ndilo linalobomolewa na flashi. Sheria haisemi mwenye sahihi awe ametia sahihi kwa nia njema. Inasema njia ya kuitia iweze kuwa chini ya udhibiti wake peke yake. Siku atakayosimama kortini kukana waraka ambao hakuutia sahihi, wakili wa upande wa pili atauliza swali moja tu: ufunguo ulikuwa katika mashine ngapi? Akijibu moja, ana mguu wa kusimamia. Akijibu tatu na moja imeuzwa, basi amejikanyaga mwenyewe, kwa maana hawezi kuikana sahihi hii bila ya kuzitia shaka zote alizozitoa mwaka huo, zikiwamo zile zilizomletea malipo.

Kwa wakala wa forodha hatari ina bei inayohesabika. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 humchukulia wakala anayetenda kwa niaba ya mwenye mali kama mwenye mali mwenyewe, na humfanya awajibike binafsi kwa ushuru. Kasha likitangazwa kwa jina lake kuwa lina mitumba na likapatikana lina sigara, Mamlaka ya Ushuru nchini, KRA, haitamtafuta kwanza karani aliyeacha kazi mwezi uliopita. Nayo Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inamtishia faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili, mtu anayetoa nywila au njia nyingine ya kuufikia mtambo bila ya idhini. Maneno "bila ya idhini" ni tundu pana. Mkubwa anayempa karani nywila yake mwenyewe ametoa idhini. Kosa la jinai huenda lisiwepo, na mzigo wote ukabaki begani mwake.

Ieleweke pia kwamba mifumo mingi ambayo Mombasa huitumia kila siku huingiwa kwa jina na nywila. Hiyo ni sahihi ya kielektroniki ya aina yake, lakini si ile ya daraja la juu, na desturi zilizozaliwa humo ndizo zinazohamia kwenye vyeti. Mtu aliyezoea kwa miaka kumi kumpa msaidizi nywila ya kuingilia mfumo wa forodha haoni tofauti anapompa ya kufungulia ufunguo. Kabla ya hapo, mkurugenzi aliyesafiri kwenda Dubai aliacha karatasi nyeupe tano zilizotiwa sahihi chini, karani akazijaza kwa kadiri ya mahitaji. Karatasi nyeupe tano zilikuwa na heshima fulani: zilipokwisha, zilikwisha. Ufunguo ulionakiliwa hutia sahihi elfu moja kabla ya adhuhuri.

Wenye ofisi hujitetea kwamba kazi haiwezi kusimama kwa sababu mtu mmoja yuko safarini au yuko hospitalini, na utetezi huo una haki yake. Meli haingoji. Lakini dawa yake ilikuwepo kabla ya tarakilishi: msaidizi apewe mamlaka yake kwa maandishi, na atie sahihi kwa jina lake. Katika dunia ya vyeti, hilo humaanisha karani apate cheti chake mwenyewe, chenye jina lake, na mipaka ya anachoruhusiwa kukiidhinisha iandikwe mahali panapoonekana. Sheria ya Ulaya iliyoanza kutumika Julai 2016 ilikwenda mbele zaidi kwa kuitenga sahihi, ambayo ni ya binadamu, na muhuri wa kielektroniki, ambao ni wa taasisi. Tofauti hiyo ingewafaa sana wauzaji samaki na mawakala wa Mombasa, kwa sababu sehemu kubwa ya hati zao hutolewa na kampuni, wala haihitaji kujifanya kwamba Bwana Mkurugenzi alikaa mezani saa nane za usiku.

Basi kijana wa mitambo aambiwe nini? Kwa sahihi, jibu jema mara nyingi ni la. Ufunguo wa zamani ubaki ulipo hadi ufutwe, funguo mpya zizaliwe katika mashine mpya, cheti kipya kiombwe, na kile cha kwanza kibatilishwe kwa mtoaji siku hiyo hiyo. Hakuna hasara katika hati zilizopita. Sahihi zilizotiwa wakati cheti kikiwa halali, hasa zenye mhuri wa wakati kutoka kwa chombo kinachoaminika, huendelea kuthibitika kwa ufunguo wa umma ambao kila mtu anao. Hakuna anayehitaji ufunguo wa siri wa jana ili kusoma sahihi ya jana.

Kuna ufunguo mmoja usioingia katika kanuni hiyo, nao husahauliwa hata na waandishi wa miongozo. Ikiwa ufunguo ule ule ulitumika pia kupokea baruapepe zilizofumbwa, kuuteketeza ni kuzizika barua hizo milele, maana ni ufunguo wa siri pekee unaozifumbua. Ufunguo wa kufumbua huhifadhiwa nakala kwa uangalifu. Ufunguo wa kutia sahihi hauhifadhiwi nakala. Ndiyo sababu watoaji makini hutoa vyeti viwili tofauti kwa kazi hizo mbili. Ofisi iliyopewa kimoja kwa yote imetiliwa chumvi na sukari katika mtungi mmoja.

Njia iliyo salama zaidi huuondoa mjadala wa kuhama kabisa. Ufunguo huzaliwa na kukaa ndani ya kadi yenye chipu au kifaa kidogo kinachochomekwa kando ya tarakilishi, na hautoki humo. Waraka ndio unaoletwa kwake. Mashine ikifa, kifaa huchomolewa na kuchomekwa katika nyingine. India iliwazoesha wafanyabiashara wake vifaa vya namna hiyo kwa ajili ya kodi na hati za makampuni. Tangu Juni 2023, kanuni za kimataifa za watoaji vyeti zinataka funguo za wanaotia sahihi kwenye programu za tarakilishi zikae katika vifaa kama hivyo. Kifaa hupotea, ni kweli, lakini kikipotea mwenyewe hujua, na hiyo ndiyo faida ambayo faili haina.

Hata kifaa kina siku yake mbaya. Mwaka 2017 Estonia, taifa ambalo raia wake hutia sahihi kwa kitambulisho chao, iligundua dosari katika chipu za kadi zipatazo 750,000. Novemba mwaka huo vyeti vyake vilisimamishwa, na wananchi wakapata vipya, wengi wao kwa njia ya mtandao bila ya kwenda ofisi yoyote. Uholanzi haikubahatika hivyo. Mwaka 2011 wadukuzi waliingia katika mitambo ya mtoaji vyeti aliyeitwa DigiNotar, wakajitengenezea vyeti bandia zaidi ya 500, na kampuni hiyo iliyotegemewa na serikali ikafilisika Septemba mwaka huo huo. Tofauti kati ya nchi hizo mbili haikuwa katika kutokosea. Estonia ilikuwa na njia ya kubatilisha na kutoa upya kwa wingi na kwa haraka. Huko Uholanzi ilibidi serikali yenyewe iingilie na kuishika mitambo ya kampuni.

Hapo ndipo Kenya inapopaswa kupimwa. Mtu hunakili ufunguo kwa sababu kunakili ni dakika tano, ilhali cheti kipya ni fomu, malipo, kitambulisho na kungoja. Maadamu kupata kipya kunagharimu siku, flashi itashinda, na hotuba za usalama wa mtandao hazitaizuia. Mamlaka ya Mawasiliano inao uwezo wa kuwashurutisha wenye leseni wabadilishe cheti cha mtu aliyebadilisha mashine bila ya kumtoza tena ada nzima, na wapokee ombi la kubatilisha saa yoyote, usiku na mchana, kama benki zinavyopokea habari ya kadi iliyopotea. Nazo taasisi za serikali zinazothibitisha hati za samaki na za forodha zingeweza kuanza na za kwao: afisa akihamishwa kutoka Mombasa kwenda Kisumu, ufunguo wake wa kituo cha zamani usimfuate wala usirithiwe na aliyeshika kiti chake.

Swala la mipaka nalo litakuja. Uganda ilipitisha sheria ya sahihi za kielektroniki mwaka 2011, Rwanda mwaka 2010, Tanzania ikatunga sheria ya miamala ya kielektroniki mwaka 2015. Lori linalotoka Kilindini kwenda Kampala au Kigali hupita katika sheria hizo kwa siku chache. Cheti kilichotolewa Nairobi hakina thamani Kigali ikiwa mzizi wake hautambuliki na mitambo ya huko, na kutambuana huko hakutatokea kati ya nchi ambazo hazina hakika ni nani hasa anayeshika funguo za mwenzake.

Imebaki ile tarakilishi kuukuu. Baada ya mpya kuwekwa mezani, huiona stoo kwa miezi kadhaa, kisha huuzwa pamoja na viti vilivyovunjika. Kijana wa mitambo alinakili faili la ufunguo. Hakulifuta lililobaki, na hata angelifuta, diski ingelihifadhi hadi iandikwe upya au ivunjwe. Cheti hakijabatilishwa kwa sababu hakuna aliyeona haja, kwani katika mashine mpya kinafanya kazi vizuri. Kina tarehe ya mwisho wa matumizi iliyoandikwa ndani yake, mwaka mmoja au miwili mbele. Hadi siku hiyo, yeyote atakayeinunua mashine ile na kuipata nywila anaweza kutia sahihi kwa jina la kampuni iliyoiuza, na mfumo utaipokea bila ya onyo lolote.